Ziwa Superior: minara miwili ya taa na boti iliyogoma kutoka

Tangu niweke zile picha za mnara juu ya jabali watu hawaishi kuniuliza ni wapi na mtu anafikaje, sasa nimekaa na daftari langu na simu ya mke wangu (picha zote nzuri ni zake) nimeipanga safari upya siku kwa siku. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Tulikuwa mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka tisa, na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mwanza. Na kusema ukweli safari ni yake. Huyu bwana kafanya kazi kwenye vivuko vya Ziwa Victoria karibu maisha yake yote, alivyotua hapa kwetu Brooklyn Park, Minnesota tu akaanza kuulizia maji, tukampeleka kwenye haya maziwa yetu ya mjini, akaangalia, akasema hili ni bwawa la kunyweshea ng'ombe, nipelekeni ziwani. Haya.

Alhamisi: Brooklyn Park – Duluth – Two Harbors

Nilitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nikalala kidogo, saa sita mchana tukaondoka, mama watoto ndo kashika usukani. Njia ya I-35 sina la kusimulia, miti na vituo vya mafuta, masaa mawili na nusu basi. Ila mwisho wake! Unapanda kilima, unajua tu kwamba mji uko karibu, alafu barabara inaanza kushuka na ziwa lote liko mbele yako halina ng'ambo. Shemeji alikuwa katikati ya stori ya mtu fulani wa Kirumba, stori ikaishia hapo hapo, mpaka leo sijui huyo mtu alifanywa nini.

Kijana akaanza kumpa mjomba wake takwimu, maana alikuwa kajiandaa: Superior ina kilomita za mraba kama 82,000, Victoria 68,000 na kitu, Superior kina chake kinafika mita 406 na Victoria kama 80 tu. Shemeji akamwambia sawa mjomba, lakini la kwetu lina sato. Hapo hakuna wa kubisha.

Duluth tulisimama Canal Park kuangalia daraja la kunyanyuka. Lilijengwa 1905 na mwanzoni halikuwa linanyanyuka kabisa, kulikuwa na kibanda kikubwa kinaning'inia chini yake kinavusha watu na magari ya farasi juu ya mfereji, yaani kivuko cha hewani, ndo kati ya 1929 na 1930 wakalibadilisha likawa la kupanda na kushuka. Tulibahatika, meli ya kubeba mawe ya chuma ilikuwa inaingia, zile ndefu za futi 1,000. Meli inapiga honi, daraja linajibu kwa honi, watu wote kwenye ukuta wanapunga mikono. Shemeji hakupunga, alikuwa anaangalia upande wa chini jinsi inavyopita karibu na zege. "Huyu nahodha hana mchezo," ndo alichosema.

Kwa mtakaokwenda: pale pale kwenye mfereji kuna makumbusho ya meli, kuingia bure, na wana ratiba ya meli zinazoingia na kutoka siku hiyo. Ianzeni hapo kabla hamjaanza kuzunguka, mnaweza kukaa masaa mawili mnasubiri meli ambayo iko kesho.

Tukaendelea mpaka Two Harbors, kama nusu saa. Njiani tulinunua samaki wa kukaushwa kwa moshi, kipande kimefungwa kwenye karatasi kinanukia gari zima. Moteli ilitugharimu dola 140 kwa usiku, ghali, lakini ilikuwa na jiko dogo na mke wangu hasafiri bila unga. Ugali na samaki wa moshi na pilipili tuliyotoka nayo nyumbani. Shemeji akasema huyu samaki katulia.

Ijumaa: Split Rock

Kutoka Two Harbors mpaka mnara wa taa wa Split Rock ni kama maili 20 hivi, barabara ya 61, mnapita kwenye mahandaki mawili yaliyotobolewa kwenye jabali. Kiingilio tulilipa kama dola 15 mtu mzima, mtoto pungufu. Nendeni mapema, saa nne wanapofungua, ikifika saa sita mabasi ya watalii yamejaa pale.

Mnara wenyewe ukiusogelea unashangaa ni mfupi. Futi 54 tu, wa matofali, una pembe nane. Lakini umekaa juu ya jabali la futi 130 lililosimama wima kutoka majini, kwa hiyo hawakuhitaji kurefusha. Sababu ya kujengwa ni dhoruba ya Novemba 1905. Meli 29 hivi ziliharibika au kuzama kwenye dhoruba ile moja, na moja wapo, jahazi kubwa la chuma la kukokotwa jina lake Madeira, lilipigwa kwenye jabali la Gold Rock jirani tu na pale. Baharia mmoja, Fred Benson, aliruka kutoka kwenye chombo akaukamata mwamba, akapanda na kamba, akaifunga juu na wenzake wakapandia hiyo hiyo. Tisa walipona, mmoja akafa. Halafu kuna tatizo lingine la eneo lile, ardhi imejaa chuma mpaka dira za meli zinadanganya. Wenye meli wakapiga kelele, serikali ikatoa fedha, ujenzi ukaanza 1909, taa ikawashwa mara ya kwanza tarehe 31 Julai 1910.

Sasa sikilizeni hapa. Barabara enzi hizo hakuna. Msitu nyuma, maji mbele. Kila tofali, kila mfuko wa saruji, mbao, mafuta, chakula cha mafundi, vyote vilikuja kwa maji vikasimama chini ya lile jabali, vikavutwa juu kwa winchi ya mvuke. Shemeji alisimama ukingoni kwenye ule uzio anaangalia chini kwa muda mrefu, mke wangu anamvuta shati. Anauliza, hapa meli ilifungwa wapi? Hakuna gati, hakuna ghuba, mawimbi yanapiga mwamba. Mzee aliyekuwa zamu akamjibu (mimi natafsiri) kwamba haikufungwa, walisubiri siku ya utulivu, na kama utulivu haujaja, wanasubiri tena.

Huyo mzee alikuwa kavaa sare za zamani za walinzi wa taa, koti la bluu lenye vifungo vya shaba na kofia, ndo kazi yake, kuigiza mlinzi na kueleza. Alitupandisha juu kwenye lenzi. Lenzi ilitengenezwa Paris, ina vipande 252 vya kioo, na mzigo wote ule unaelea kwenye zebaki ndo maana unazunguka kwa wepesi, mwanga unatoka kila baada ya sekunde 10. Kilichokuwa kinazungusha ni mashine kama ya saa, yenye uzito unaoshuka taratibu katikati ya mnara, na mlinzi lazima aupandishe tena kwa mkono kila baada ya masaa mawili. Usiku kucha. Mimi ninayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee nilimwelewa huyo mtu bila mkalimani.

Halafu mzee akaanza kueleza taa yenyewe ilivyokuwa inawaka kabla ya umeme kuja 1940. Kwamba ni mafuta ya taa, unayasukuma kwa pampu ya hewa, yanapashwa moto yanakuwa mvuke, mvuke unaingia kwenye kitambaa fulani laini na kile kitambaa kinang'aa. Shemeji akanigeukia: "Si karabai hii?"

Karabai jamani! Nikamtafsiria mzee kwamba shemeji yangu anaijua hii taa, kwetu wavuvi wa dagaa walikuwa wanatoka nazo usiku, mashua nzima ya taa, ukiwa ufukweni Mwanza unaona mji mwingine umewaka kule ziwani, siku hizi wengi wamehamia taa za sola. Mzee macho yakamtoka. Akamuuliza kile kitambaa mnakichomaje mara ya kwanza, shemeji akaanza kumwonesha kwa vidole, unakifunga hivi, unakichoma kwanza kigeuke majivu meupe, kuanzia hapo usikiguse hata kwa ukucha maana kinamomonyoka, na usipige pampu kabla haijapata moto itakutemea mafuta usoni. Mzee akasema ni yale yale yaliyokuwa kwenye kitabu cha maagizo cha walinzi. Foleni nyuma yetu ngazini imesimama, watu wanataka kupanda, hawa wawili wanafundishana karabai.

Baadaye alituacha tukae naye kwenye benchi nje ya nyumba ya mlinzi, ndo nikapata zile habari ambazo kwangu ndo safari yenyewe. Nilikuwa nadhani kazi ya mlinzi wa taa ni taa. Kumbe taa ilikuwa nusu, nusu nyingine ni mashua. Mlinzi mkuu wa kwanza aliitwa Pete Young, alikaa kuanzia 1910 mpaka 1928, na wasaidizi wawili. Msimu ni kuanzia Aprili mpaka Desemba, barafu ikishika ziwa meli hazipiti na wao wanafunga wanaondoka. Barua zilikuwa kijiji cha Beaver Bay, maili chache tu, na njia ni ziwani, kwa makasia au tanga. Ule ule mwaka wa kwanza, Oktoba 1910, wasaidizi wote wawili walikwenda kufuata barua, hawakurudi. Mashua ilipinduka. Barua tu.

Shemeji hapo hakuuliza kitu. Yeye ni wa Mwanza, Mei 1996 alikuwepo wakati meli ya MV Bukoba inazama, hizo stori huwa hazichangii.

Mahitaji makubwa, yaani mafuta, makaa, rangi, yaliletwa na meli ya serikali ya huduma za taa iliyoitwa Amaranth, mara chache kwa mwaka, na ikija inakuja na mkaguzi, kwa hiyo wakiona bendera yake kwa mbali watu wanakimbizana kung'arisha shaba. Mizigo iliendelea kupanda kwa winchi mpaka 1915 na 1916 walipojenga reli ya kitoroli kutoka majini mpaka juu, inavutwa na injini. Na kulikuwa na meli ya abiria, America, iliyokuwa inapita pwani nzima kutoka Duluth, inabeba barua, watu, unga, na kuchukua samaki. Haisimami kila mahali, wavuvi wa Kinorwe waliokuwa wanaishi kwenye vighuba walipiga makasia wakaikuta huko huko majini, wanapakia mapipa ya samaki kutoka kwenye mashua ndogo. Shemeji akacheka, akasema hiyo ni kawaida, hata kwetu visiwani ndo hivyo hivyo mpaka kesho.

Halafu 1924 barabara ikafika. Hapo mambo yote yakageuka. Familia zikaweza kukaa na waume zao badala ya kuja majira ya joto tu, watoto wakapata shule, watalii wakaanza kumiminika mpaka walinzi wakawa wanatembeza wageni mchana na kulinda taa usiku. America ilizama Juni 1928 huko kisiwa cha Isle Royale na wakati huo malori yalikuwa yashaanza kuchukua samaki. Reli ya kitoroli nayo ikaachwa, 1934 wakapata lori. Nilimwona shemeji anatikisa kichwa, nikajua anawaza kivuko cha Busisi kule Mwanza. Sasa daraja limefunguliwa pale Kigongo, gari inapita dakika tano, na wale mama wa karanga na mahindi ya kuchoma waliokuwa wanaishi na foleni ya kivuko ni hadithi nyingine. Hasemi daraja ni baya, nani atasema hivyo. Ila alikuwa na wenzake pale.

Taa ilizimwa rasmi 1969. Sasa inawashwa kwa siku maalumu, kubwa kuliko zote tarehe 10 Novemba, kuwakumbuka mabaharia 29 wa meli ya Edmund Fitzgerald iliyozama usiku wa tarehe hiyo mwaka 1975, wanasoma majina na kugonga kengele.

Shukeni kule chini majini, msiishie juu. Ngazi ni zaidi ya 150 na mnapita sambamba na nguzo za zege za ile reli, zimebaki zimesimama msituni. Picha yote mnayoiona mitandaoni inapigwa kule chini. Mwenye magoti mabovu afikirie, maana kushuka ni rahisi. Kijana aliingiza miguu majini, akatoa mara moja kwa baridi, na ni Agosti ile.

Jumamosi: kwenda Bayfield, na upepo

Siku hii tulipanga boti ya mchana kwenda kisiwa cha Raspberry upande wa Wisconsin, kwa hiyo tuliamka alfajiri tukarudi Duluth tukavuka kwenda mji wa Superior. Baada ya hapo barabara ya 13, mtandao wa simu unakatika kabisa, pakueni ramani mapema. Na huko ndiko tairi la nyuma lilikopasuka. Si kutoboka, kupasuka. Jeki ipo, spana ya kufungulia imekosekana, nilikuwa nimelinunua lile gari kwa mtu na nadhani alibaki nayo.

Tulikaa kama dakika ishirini zinapita gari mbili tu. La tatu likasimama, pikapu kuukuu, mzee na mbwa wake. Hakuuliza mnatoka wapi, alishuka na boksi lake la vifaa, akalala chini kwenye kokoto na yale magoti yake, mimi na shemeji tunamwambia tuachie, hataki. Akamaliza akatuambia tairi la akiba msilizidishe kasi, fundi yuko mji unaofuata, semeni mmetumwa na mwenye mbwa. Pesa akakataa. Mke wangu akamtolea chapati zilizokuwa kwenye foili, hizo akazichukua, moja akala pale pale amesimama, nusu akampa mbwa. Fundi naye tulimwambia "tumetumwa na mwenye mbwa", akacheka, akatuwekea tairi lililotumika kwa dola 60.

Tukafika Bayfield tumechelewa na roho juu, kumbe hata tungewahi ni bure. Boti imegoma. Upepo wa kaskazini mashariki, mawimbi yanaingia moja kwa moja kwenye gati la kisiwa, nahodha kasema anaweza kufika lakini hawezi kushusha watu. Dada wa dirishani akatupa nafasi ya kesho yake bila kuongeza kitu. Wengine walikuwa wanagomba, mmoja anasema mbona jua linawaka! Shemeji alinigusa bega akaniambia nimshukuru nahodha kwa niaba yake, nahodha anayekataa kuondoka ndo wa kupanda naye.

Kivuko kikubwa cha kwenda Madeline Island kilikuwa kinatembea, hicho ni kizito na njia yake ya maji imekingwa. Dakika ishirini hivi mpaka La Pointe. Tukapanda kwa miguu tukaacha gari, inapunguza gharama sana, nauli ya gari ni nyingine na ya mtu ni nyingine. Shemeji hakukaa na sisi. Alikuwa kwenye deki ya magari anaangalia wanavyopanga, kizito katikati, magurudumu yanawekewa vigingi, na kijana mmoja wa pale akamwona anavyoangalia, akaja. Kiingereza cha shemeji ni cha shida lakini walielewana kwa mikono, wakaenda mpaka kwenye ile ngazi ya chuma ya kushushia magari wakainama wote wawili kuangalia bawaba. Nilipofika nikakuta anauliza wakati wa barafu inakuwaje.

Jibu hakuliamini, na mimi nilimwapia kwamba ndivyo alivyosema. Watoto wakubwa wa kisiwani wanasoma Bayfield, kila siku wanapanda kivuko. Barafu ikianza kushika kivuko kinaendelea mpaka kishindwe, hapo katikati barafu haijawa nene ya kubeba gari wanapanda chombo kama boti chenye mapangaboi makubwa nyuma, kinateleza juu ya barafu na kikitumbukia kinaelea. Ikiwa nene, wanaweka barabara juu ya ziwa na kuipanga alama kwa miti ya krismasi iliyotumika, magari yanapita. "Juu ya maji?" Juu ya maji. "Na mnalipa nauli?" Hapana. Shemeji akasema sasa hapo nimewaelewa.

Wenyeji wa asili wa pale ni Waojibwe, na kisiwa kile kwao ni mahali patakatifu, kina makumbusho madogo mazuri karibu na gati. Jioni tukala Bayfield maini ya samaki. Ndiyo, maini, ya samaki weupe wa ziwa lile, yanakaangwa na vitunguu na pilipili hoho, ni chakula cha mji ule. Mke wangu alionja moja akaniachia sahani. Mimi na shemeji tuliongeza.

Jumapili: Raspberry

Ziwa limelala kama hakuna kilichotokea. Boti karibu saa moja, tiketi ni zaidi ya dola 50 mtu mzima, na chukueni koti hata kama Bayfield mmetokwa jasho, katikati ya maji ni baridi nyingine. Tulisahau la kijana, mama mmoja aliyekuwa na wajukuu akavua blanketi begani kwake akamfunika, akatushukuru yeye.

Kwenye visiwa hivi vya Apostle kuna vituo kadhaa vya taa, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1970 ndo inavitunza. Nahodha alikuwa anasimulia kwenye spika. Tarehe 2 Septemba 1905 mlinzi wa Sand Island, Emmanuel Luick, alisimama mnarani akaiangalia meli ya Sevona inavunjika mwambani, na hakuwa na mashua ya kutoka nayo kwenye bahari ile, watu saba wakafa. Dhoruba hiyo hiyo, kisiwa cha Outer, mlinzi mzee John Irvine aliingia kwenye mawimbi ya ufukweni akavuta watu watano wa jahazi la Pretoria, watano wengine wakapotea.

Raspberry ukishuka gatini unapanda ngazi za mbao, juu kuna nyumba nyeupe ya paa jekundu na mnara umetoka katikati yake, yaani mlinzi hatoki nje kwenda kazini. Iliwashwa 1863. Baada ya 1903 walipoleta honi ya ukungu ya mvuke kazi iliongezeka, wakapanua nyumba 1906 zikakaa familia pande mbili. Bustani wameitunza, maua mbele mboga nyuma, na mwenye kubeza bustani akumbuke duka liko ng'ambo ya maji. Renja alitupitisha jikoni, akamwonesha mke wangu tundu la maji ya mvua na stoo, wakaongea kuhusu kuhifadhi viazi kwa muda ambao sikuuhesabu.

Stori niliyoibeba ni ya Francis Jacker. Septemba 1887 alikuwa mlinzi peke yake, msaidizi hana. Upepo ukaanza kuipiga mashua ya kituo pale ilipofungwa, akaona itavunjika, akaingia kuihamisha upande wa kisiwa wenye kinga. Upepo ukamchukua, ukampeleka mpaka kisiwa cha Oak, mashua ikaharibika, akakaa huko karibu siku tatu hana chakula mpaka mtu aliyekuwa anapita na chombo chake akamwona. Oak yenyewe iko pale pale, ukisimama kwenye nyasi za Raspberry unaiona miti yake. Baada ya hapo kituo kikapewa msaidizi.

Nikamuuliza shemeji yeye angefanya nini. Akasema angeiacha mashua ivunjike. Akafikiria kidogo akasema hapana, angekwenda, ukiwa kisiwani na huna mashua wewe ni mfungwa. Wakaendelea kubishana na mke wangu mpaka tunapanda boti, mke wangu anasema ndo maana wajane wa ziwani hawaishi.

Taa ya Raspberry iliwekewa mitambo ya kujiendesha 1947, na walinzi wakaondoka.

Kurudi nyumbani ni barabara tu, tulifika saa tano usiku.

Gharama, kwa wanaouliza: petroli kama dola 110 kwa gari letu dogo, malazi ndo yanaumiza, Bayfield mwisho wa wiki hupati chini ya 180, wekeni nafasi mapema au laleni mji wa Ashland, maili 20 na kitu na ni rahisi zaidi. Chakula mkibeba unga mtashinda. Anayetapika kwenye boti ameze dawa nusu saa kabla, si baada ya kuanza kuyumba. Safari ya boti ipangeni siku ya kwanza ya kufika Bayfield, ili upepo ukikataa mbaki na siku ya akiba, na anayetaka kwenda tarehe 10 Novemba kuona taa ya Split Rock ikiwaka aniambie mapema, gari letu lina nafasi moja tu kwa sababu shemeji ameahirisha tiketi yake ya kurudi.